Nani Ana Ufunguo wa Kabati? Historia Fupi ya Mashine Darasani

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa huku kwetu Nakuru, nilipoteza dakika 25 za somo la Historia nikipigana na projekta. Somo lenyewe ni dakika 40.

Nilikuwa nimekesha nikiandaa picha. Ramani, reli, vilima vya Nandi, kila kitu. Nilitaka kidato cha tatu waone, si kusikia tu. Nikafika darasani, waya ikakataa kuingia kwenye laptopu. Nikatuma kijana mmoja akatafute nyingine. Akarudi nayo, tukawasha, picha ikatokea kichwa chini. Nikiwa bado narekebisha, stima ikapotea. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwani leo hatusomi?"

Wanandi walipigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1906. Mimi nikawamaliza kwa dakika 15.

Swali la yule msichana halijanitoka. Mimi ni mwanafunzi wa Historia, kwa hivyo nikafanya ninachojua kufanya: nikaanza kurudi nyuma. Nilitaka kujua kama mimi ndiye mwalimu wa kwanza kuangushwa na mashine. Kumbe tuko wengi, na tulianza kitambo.

Tuanze na redio. Watu wakisema "teknolojia darasani" siku hizi wanafikiria tableti na intaneti, lakini miaka ya 1960 tayari Sauti ya Kenya ilikuwa ikirusha vipindi vya shule. Ratiba ilikuwa inajulikana, saa fulani Kiingereza, saa fulani somo lingine. Mwalimu alitakiwa awe na redio, awe na betri, na awe amepanga darasa lake liwe tayari dakika ileile. Hapo ndipo palikuwa na shida. Redio haisubiri mtu. Betri zikiisha, kipindi kimepita. Mvua ya Molo ikipiga mabati, hakuna anayesikia kitu. Na mtoto asipoelewa, sauti ya Nairobi haiwezi kurudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukaja jaribio bora zaidi, na sijui ni kwa nini hatulizungumzii. Ulikuwa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi, uliofanywa na Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa ufadhili wa Marekani. Ujanja wake ulikuwa rahisi: sauti ya redioni inauliza, halafu inanyamaza kidogo. Watoto wanajibu. Sauti inaendelea. Mwalimu anasimama hapo akichagua nani ajibu na kumsaidia aliyekwama. Watoto walipopimwa, waliosoma hivyo walifanya vizuri kuliko wenzao. Siri ilikuwa kile kimya. Waliotunga vipindi waliacha nafasi ya mtoto, na waliacha nafasi ya mwalimu. Halafu muda wa mradi ukaisha, na ufadhili wake ukaisha pia. Waulize walimu vijana wa leo kama wamewahi kuusikia.

Mwaka wa 1985 ukaleta 8-4-4. Hii mama yangu anaikumbuka vizuri. Mfumo mpya ulitaka watoto wajifunze kazi za mikono, useremala, ushonaji, sayansi kimu. Jambo zuri tu. Lakini karakana zilitakiwa zijengwe, na wazazi ndio walioambiwa wachange. Wakachanga. Mama anasema shuleni kwao jengo lilisimama, likapakwa rangi, likafungwa kufuli. Ndani kulikuwa na meza mbili na msumeno mmoja. Hakuna mwalimu aliyekuwa amefunzwa useremala. Mwishowe ikawa stoo ya mahindi na madawati yaliyovunjika. Mtihani ukija, watoto walichora nyundo kwenye karatasi.

Mnaona tunakoelekea?

Mwaka wa 2013, wakati wa kampeni, tuliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa laptopu. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka wivu niliokuwa nao kwa watoto ambao hawakuwa hata wamejua kusoma. Zabuni ikafutwa mwaka wa 2014. Mpango ukapangwa upya, laptopu ikawa tableti, na mwaka wa 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni. Lazima tuwe wakweli hapa: kazi kubwa ilifanyika. Zaidi ya shule 21,000 zilipata vifaa, na vyote kwa jumla vilizidi milioni 1. Shule nyingi za msingi ziliunganishiwa stima kwa sababu ya mpango huo. Kwa kaunti yetu hilo ni jambo la kufikiria. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke pale Olkaria ulianza kazi mwaka wa 1981, na leo mvuke huo unatoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Umeme unatoka Naivasha, lakini kuna shule zetu zilizosubiri zaidi ya miaka 30 kuona balbu.

Mdogo wangu aliingia darasa la kwanza mwaka huohuo wa 2016. Tableti zilifika shuleni kwao. Chumba kikawekewa vyuma madirishani na mlango wa chuma, maana wezi nao walikuwa wamesikia habari. Mwalimu mkuu akatia saini. Na hapo ndipo hadithi ilipoishia. Ukitia saini ya kitu cha serikali, kikipotea ni wewe. Kikivunjika ni wewe. Walimu walikuwa wamepewa mafunzo ya siku chache tu. Sasa niambie, ni mwalimu gani atachukua hatari ya kugawa tableti 50 kwa watoto wa miaka 6, na mshahara wake ndio dhamana? Mdogo wangu anasema walizishika mara nne au tano, mara moja kukiwa na wageni. Nilikuwa nawalaumu walimu wake. Baada ya mazoezi ya kufundisha, siwalaumu tena.

Halafu ikaja 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi na mimi nilikuwa kidato cha nne. Masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu. Redio ileile ya miaka ya 1960 ikarudi kazini! Mwezi wa Julai tukaambiwa kuna maputo angani. Si utani. Kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha maputo 35 hivi ya kusambaza intaneti, yakielea karibu kilomita 20 juu yetu. Eneo lake lilikuwa ni hili letu: Nakuru, Baringo, Kericho, Bomet, Narok, hadi Eldoret na Kisumu.

Nilikuwa natoka nje jioni natazama juu ya Menengai nikitafuta puto. Sikuwahi kuliona. Lakini hata lingekuwa juu ya paa letu, nyumbani kulikuwa na simu moja ya maana, ya mama, na aliondoka nayo asubuhi akienda sokoni. Bando ilikuwa ya kununua. Puto lilileta mtandao mpaka angani, hatua ya mwisho ya kufika mkononi mwangu ilikuwa juu yetu. Januari 2021 Loon ikatangaza kwamba inafunga biashara, na Machi huduma ya Kenya ikazimwa. Sisi tulikalia KCSE mwezi huohuo.

Redio, karakana, tableti, puto. Vitu vinne tofauti kabisa, na nilipoviweka pamoja nikaona kitu kimoja. Swali lililoulizwa kila mara lilikuwa "tuwaletee nini?" Lile la nani atakishika, nani atakitengeneza, na nani anaruhusiwa kukiharibu akijifunza, mara nyingi lilikuja kwa kuchelewa au halikuja. Mashine ilifika shuleni, ufunguo ukabaki kwingine.

Lakini kuna hadithi ya tano, na hii ni yetu. Nenda Njoro, kijiji cha Pwani, utapata Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko. Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, alikuwa akifundisha hapo hisabati na fizikia. Machi 2019 alishinda huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Watu walikumbuka pesa, na kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake kusaidia maskini. Mimi ninachokumbuka ni kompyuta. Shule ilikuwa na moja. Moja tu, na intaneti ya kubahatisha. Alichofanya ni kwenda kwenye saiba, kupakua anachohitaji, na kurudi nacho darasani kitumike bila mtandao. Alitumia teknolojia katika sehemu kubwa ya masomo yake akiwa na kompyuta hiyo moja. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafika mashindano ya sayansi ya kitaifa, na baadaye wengine wakafuzu kwenda mashindano ya kimataifa Marekani.

Kwa nini ilifaulu Keriko? Usinijibu "kwa sababu ni mtu wa ajabu." Ni kweli, lakini jibu hilo ni hatari, kwa sababu linatupa ruhusa ya kukaa tukingoja watu wa ajabu. Mimi naona sababu nyepesi zaidi. Alianza na somo, si na mashine. Alijua mtoto anahitaji kuelewa nini, ndipo akatafuta kifaa cha kulifikisha. Na alijipangia siku ambayo stima haipo.

Kuna mtu ataniambia nimegeuka kuwa adui wa teknolojia kwa sababu ya waya moja. Hapana. Mtaala wa CBC umeweka ujuzi wa kidijitali kati ya umahiri wake 7, na uko sawa. Mtoto wa mtaa wa Milimani anajifunza kompyuta nyumbani. Mtoto wa Kuresoi asipoiona shuleni, ataiona wapi? Sasa hivi kila mtu anazungumzia akili mnemba, na najua kuna mkutano mahali fulani unaopanga kuleta programu moja kubwa kwa shule zote. Iletwe. Lakini kabla ya kukata utepe, ulizeni maswali ya fundi wa kawaida. Ikiharibika Jumanne, nani anaitengeneza? Mwalimu atapewa muda wa kujifunza kuitumia, na si siku tatu? Na mtoto akiiangusha, nani analipa? Kama jibu ni "mwalimu mkuu," basi tumejenga karakana nyingine ya kuhifadhia mahindi.

Upande wangu nimeshaamua mambo machache. Nikipewa darasa, kila somo nitalipanga kwanza kana kwamba kuna chaki peke yake. Likisimama kwa chaki, nitaongeza picha, sauti, video. Kifaa nitakijaribu siku moja kabla, kwenye chumba chenyewe. Dakika tatu zikipita kikigoma, nakizima, tunaendelea. Na wanafunzi watakishika kwa mikono yao, hata kama ni simu yangu mwenyewe inayozunguka madawatini.

Juma lililofuata baada ya aibu yangu, nilirudi kwa kidato cha tatu bila projekta. Nilichora vilima vya Nandi ubaoni, vibaya sana, nikachora reli ikipita. Nikawauliza: mngekuwa nyinyi, mngefanya nini na vyuma hivi? Wakabishana mpaka kengele. Yule msichana wa mbele alisema wangeving'oa wafanye mapambo na silaha, na ndivyo Wanandi walivyofanya kweli. Hakuwa amesoma popote.

Nilikuwa na simu mfukoni yenye zile picha zote. Nikampa aipitishe.