Kisigino Kwanza: Historia Fupi ya Vifungio vya Theluji

Uwanja wa ndege wa Kigali uko hapa Kanombe, na ndugu zetu wengi wakimbizi wamepita hapo wakienda kuanza maisha Kanada, Norwe ama Marekani. Baadaye wanatutumia picha wamesimama juu ya ubao kwenye theluji. Tunacheka, halafu tunajiuliza: mguu unashikwa na nini pale?

Jibu linaanza na mtu maskini. Sondre Norheim alizaliwa 1825 Morgedal, Norwe, mkulima wa shamba la kupanga. Siku zile ski nyingi zilishika vidole tu, kisigino kinachezacheza. Yeye alisokota vijiti laini vya mti, akavizungusha nyuma ya kisigino. Basi akaweza kukata kona na kuruka bila ski kumchomoka. Mwaka 1884 naye alihama na familia yake kwenda Marekani, akafia huko 1897.

Mwaka 1965, Sherman Poppen wa Michigan aliunganisha ski mbili ili binti zake wateleze wamesimama. Ubao huo ulikuwa na kamba ya kushika mkononi, miguu ilibaki huru. Mwaka 1979 Jake Burton Carpenter alileta ubao wenye vifungio kwenye mashindano ya hukohuko Michigan. Wengine walilalamika, ikabidi awekewe kundi la peke yake. Mwaka 1998, mchezo huo uliingia Olimpiki ya Nagano. Philip Boit wa Kenya alikuwepo pia, kwa ski za mbio ndefu, ambazo hufungwa mbele tu ili mtu asukume kama anakimbia. Kila kazi na kifungio chake.

Sasa nyinyi mnaojiandaa kusafiri, sikieni. Ubao wa kuazima umepimwa kwa mguu wa mtu mwingine. Usinyamaze kwa aibu ya ugeni, sababu kifungio kibaya kinaangusha mtu. Vaa buti, sukuma kisigino mpaka nyuma kabisa, kisha kaza mkanda wa kifundo, halafu wa vidole. Kisigino kikinyanyuka, bado umelegea. Mguu ukifa ganzi, umezidi. Miguu iachane kama upana wa mabega, na buti lisizidi upande mmoja wa ubao kuliko mwingine. Kama haikai sawa, omba bisibisi kabla ya kupanda mlima.