Mizizi ya Kusini Mbele ya Majarida

Kabla mizizi ya dawa ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, haijafika kwenye majarida ya sayansi, ilipita kwenye majalada ya serikali. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliwakusanya watu wa kusini kwa imani ya dawa, na tangu hapo watawala wa Kijerumani waliwatazama waganga kwa jicho la mashaka. Waingereza wakafuata na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Katika maandishi ya zama hizo swali kubwa lilikuwa nani anaishika dawa na anawaongoza akina nani. Swali la inatibu nini lilikuja baadaye sana.

Swali hilo la pili lilipata makao mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili, ambacho leo ni taasisi kamili. Mwaka 1979 likazaliwa Journal of Ethnopharmacology, na mwaka 1982 na 1983 jarida hilo likachapisha kwa sehemu tatu orodha ya mimea ya tiba ya Tanzania, kazi ya wataalamu wa Sweden na Watanzania. Mmea ukaanza kuandikwa kwa jina la wenyeji na la kisayansi, sehemu inayotumika, na ugonjwa unaotibiwa. Huo ulikuwa msingi mzuri, ila orodha ya matumizi hueleza watu wanatumia nini. Haisemi kama wanapona.

Mkoa wa Lindi, zilimo wilaya hizi mbili, uliingia kwa uwazi zaidi mwaka 2015. Watafiti wa Tanzania na Kamerun walichapisha matokeo ya mimea inayotumiwa kutibu malaria Kagera na Lindi. Waliwahoji waganga, wakachukua mimea yao, wakaikamua na kuipima maabara dhidi ya vimelea vya malaria. Jarida lao, Journal of Medicinal Plants Research, ni la mchapishaji aliyewahi kuwekwa kwenye orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka iliyotungwa na Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani.

Je, tuitupe kazi hiyo? Hapana. Mtu makini anaweza kuchapisha mahali penye sifa mbaya, na jina kubwa nalo si kinga: mwaka 2023 zaidi ya makala 8,000 zilifutwa katika majarida ya Hindawi, kampuni iliyokuwa imeshanunuliwa na Wiley. Upande wa pili, ugunduzi wa artemisinini, dawa iliyotokana na mmea wa tiba ya Kichina, ulitangazwa mwaka 1977 katika jarida la China bila majina ya wagunduzi. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa sababu dawa ilipimwa kwa wagonjwa, tena na tena, ikaponya.

Hapo ndipo penye pengo kwa mimea ya Lindi. Kimelea kufa kwenye chupa ya maabara si mtoto kupona. Dawa huweza kuua vimelea kwa kiwango ambacho kingemdhuru mnywaji, au ikaharibika tumboni kabla ya kufika kwenye damu.

Pengo hilo halitokani na ugumu wa kufanya majaribio vijijini. Katika miaka ya 2000 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walijaribu kuwakinga watoto wachanga dhidi ya malaria kwa dawa ya SP, iliyotolewa wanapopelekwa chanjo. Nachingwea na Ruangwa zilikuwa miongoni mwa wilaya tano zilizohusika. Tarafa 24 ziligawanywa: nusu zikaanza kupata dawa, nusu zikabaki za kulinganishia. Matokeo yakasomwa kwa kulinganisha pande hizo mbili.

Mizani ya namna hiyo haimalizi kila kitu. Mwanaanthropolojia Stacey Langwick, aliyefanya utafiti wake Newala, aliandika mwaka 2007 jinsi akina mama walivyoogopa kumpeleka mtoto mwenye degedege kwenye sindano kabla ya mganga. Habari kama hiyo haionekani maabara, na anayeipuuza hatapata wagonjwa wa kuwapima.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga baraza na usajili. Cheti cha usajili humtambulisha mganga. Dawa yake bado inahitaji ushahidi. Vijiji vya Ruangwa na Nachingwea vimeshaonyesha kwamba jaribio kubwa linawezekana. Haki ya mzizi ni kupimwa kwa mizani ileile iliyopimia kidonge cha SP, na matokeo yachapishwe hata yakiwa ya kushindwa.