Mtumwa, Kaisari na Nyanya wa Benchi

Mtu akishikwa na homa haoni haya kusema kwamba anaumwa. Lakini maumivu ya moyo, yaani hofu, fedheha, hasira na huzuni isiyokwisha, aghalabu hufichwa. Mwanafunzi aliyeanguka katika mtihani hula pamoja na wenziwe, hucheka wanapocheka, na usiku hapati usingizi. Watu wa kale waliyajua mateso haya kama tuyajuavyo sisi, na baadhi yao waliyatafutia dawa kwa bidii. Hapa tutafuata safari ya dawa moja, tangu ilipofundishwa na mtu aliyekuwa mtumwa Roma hata ikafika chini ya miti ya Harare.

Mtumwa huyo aliitwa Epictetus. Alizaliwa karibu na mwaka 50 baada ya Kristo katika mji wa Hierapolis, ulio katika nchi iitwayo leo Uturuki. Jina lake latosha kutueleza hali yake, kwa maana katika Kiyunani ni kama kusema "aliyepatikana", kama mali. Tena alikuwa kiguu. Bwana wake, Epaphroditus, alikuwa mtu mkubwa katika nyumba ya Kaisari Nero, naye alimruhusu kwenda kumsikiliza Musonius Rufus, mwalimu wa hekima ya Wastoiki. Baadaye Epictetus alipata uhuru wake, akawa mwalimu. Mwishoni mwa karne ile Kaisari Domitian aliwafukuza wanafalsafa Roma. Basi Epictetus akaenda Nicopolis katika Ugiriki, akafungua shule huko. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu alichokiandika. Mafundisho yake tunayo kwa sababu mwanafunzi wake, Arrian, aliyaandika.

Kiini cha mafundisho hayo ni chepesi kukisema, kizito kukitenda. Mambo yote ya maisha, alifundisha, ni ya namna mbili. Yako yaliyo katika uwezo wetu: maoni yetu, matakwa yetu, na yale tunayokusudia kutenda. Yako na yasiyo katika uwezo wetu: mwili, mali, cheo, na sifa tunazopewa na watu. Mtu anayetia moyo wake wote katika mambo ya namna ya pili amewapa wengine ufunguo wa nyumba yake. Wakitaka watamfurahisha, wakitaka watamliza. Tena alifundisha kwamba kinachotusumbua si jambo lenyewe peke yake, bali hukumu tunayoitoa juu ya jambo hilo.

Tuchukue mfano. Wanafunzi wawili wamepata alama zile zile mbaya katika hesabu. Wa kwanza ajiambia, "Mimi ni mjinga, wala sitafaa kitu duniani." Wa pili ajiambia, "Sikuielewa sura ya tatu. Nitamwendea mwalimu kesho." Karatasi ni moja, alama ni moja, lakini hukumu ni mbili; na hizo hukumu mbili zitazaa siku mbili zisizofanana hata kidogo.

Maneno haya yangetoka katika kinywa cha tajiri, tungeweza kuyacheka. Lakini aliyeyasema alijua maana ya kutomiliki hata mwili wake mwenyewe.

Ajabu ya historia ni kwamba mafundisho ya mtumwa yalimfikia mfalme. Marcus Aurelius, aliyezaliwa mwaka 121, alitawala dola ya Roma tangu 161 hata 180. Mwalimu wake Junius Rusticus ndiye aliyempa maandishi ya mafundisho ya Epictetus, na Kaisari huyo hakuusahau wema ule maisha yake yote. Msidhani kwamba utawala ulimwondolea taabu. Katika siku zake askari waliorudi kutoka vita vya mashariki walileta tauni iliyoua watu wengi. Maadui walivuka mto Danube. Na katika watoto wake, waliozidi kumi, wengi walikufa kabla yake. Akiwa vitani, alikuwa na desturi ya kujiandikia kwa Kiyunani. Hakuwa akiwaandikia wasomaji. Alikuwa akijikumbusha asiwakasirikie watu, asiogope mauti, aamke na kufanya kazi ya siku. Basi mwenye dola kubwa kuliko zote alizozijua alitumia dawa ile ile ya mtu aliyekuwa hana kitu.

Karne nyingi zikapita. Katika miaka ya 1950, Albert Ellis, mtaalamu wa elimu ya nafsi mjini New York, alianza kuwaganga watu kwa kuwafundisha kuzichunguza fikira zao, naye alikiri wazi deni lake kwa Epictetus. Katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia alikuwa akiwatibu watu wenye huzuni nzito. Alifundishwa kutafuta hasira iliyofichika ndani yao. Lakini alipowasikiliza, alisikia jambo lingine. Fikira fupi fupi zilikuwa zikiwapitia vichwani upesi, bila wao kuziita: sifai, nimeshindwa, hakuna anitakaye. Wagonjwa walizisadiki bila kuziuliza ushahidi. Beck akawazoeza kuzikamata, kuziandika, na kuziuliza kama hakimu amwulizavyo shahidi: je, ni kweli? Wajuaje? Katika kitabu alichotoa pamoja na wenzake mwaka 1979 alitaja kwamba mizizi ya matibabu haya yafika hata kwa Wastoiki. Leo matibabu ya namna hiyo hutumika katika nchi nyingi.

Hata hivyo, msomaji mwenye akili atauliza swali. Je, mwenye njaa aambiwe kwamba taabu yake ni hukumu yake tu? Aliyevunjiwa nyumba aambiwe abadili maoni yake? Swali hili ni la haki. Dawa ikitumiwa vibaya huwa sumu, na mafundisho ya kutuliza nafsi yaweza kugeuzwa kuwa njia ya kuwanyamazisha wanaodhulumiwa.

Jibu jema la swali hilo limetoka Afrika. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makao na vibanda vya watu mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makao, au kazi, au vyote viwili. Madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa kijana aliyejiua. Jamaa zake walikuwa wamekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Daktari akaona kwamba haifai kuwangoja wagonjwa. Yafaa msaada uwafuate walipo. Basi mwaka 2006 alianza kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao, nje ya zahanati. Mwanzoni jina la benchi lilitaja ugonjwa wa akili, na watu wakaliepuka. Nyanya wakashauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja.

Nyanya hawakutumia maneno makubwa. Washona wana neno *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na kila mtu alilielewa. Kwanza nyanya husikiliza. Kisha humsaidia mgeni wake kuzitaja taabu zake zote: deni, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani. Halafu huchagua pamoja taabu moja inayoweza kushughulikiwa, na kupanga hatua ya kuanzia. Hapo msomaji atautambua mgawanyo wa Epictetus; lakini hapa mtu haachwi kupigana peke yake, wala haambiwi kwamba deni lake ni ndoto. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za huzuni nzito miongoni mwa waliohudumiwa bencheni hawakufika 14 katika kila mia, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila mia.

Historia hii yatuachia mambo mawili. Fikira inapokujia na kukuambia kwamba hufai, usiisadiki kabla ya kuihoji. Chukua karatasi, andika upande mmoja yaliyo katika uwezo wako na upande wa pili yasiyokuwamo, kisha anza na moja la upande wa kwanza. Na mzigo ukikushinda, usione haya kumwendea mzazi, mwalimu, muuguzi au mzee unayemwamini. Epictetus alikuwa na Musonius, na Kaisari alikuwa na Rusticus. Mficha maradhi kifo humuumbua; na mtu ni watu.