Kimbunga Kilichoihamisha Karafuu

Mtu akitaja karafuu leo, fikra zinakwenda Pemba. Mwaka 1871 zingekwenda Unguja. Tangu Seyyid Said bin Sultan alipohamia Zanzibar kutoka Muscat na kuwasukuma wenye mashamba wapande mikarafuu, Unguja ndiyo iliyokuwa shamba kuu, na Pemba ikisifika zaidi kwa mpunga wake. Mizani hiyo ilipinduka tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipotoka baharini kikaipiga Unguja na kuiacha Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi, karibu salama. Katika historia ya visiwa hivi tukio hilo hupewa sentensi moja au mbili, kisha msimulizi akarudi kwa mabalozi na mikataba. Nadhani hapo kuna kosa lenye pande mbili: kimbunga kile huchukuliwa kuwa ajali isiyo na mwenzake, na upepo hubebeshwa lawama ambayo sehemu yake ni ya binadamu.

Aprili ni mwezi wa kugeuka kwa pepo. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza, na zama hizo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyoshuka na kaskazi yalikuwa yakijiandaa kurudi kwao. Hakukuwa na wakati bandari ilipokuwa na mengi ya kupoteza kuliko huo. Seyyid Barghash bin Said, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili katika kiti cha usultani, alipoteza merikebu zake, na majahazi mengi yalizama au yakatupwa ufukweni. Lakini hasara iliyodumu ilikuwa mashambani. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia. Mnazi walau hujua kuinama na upepo. Mkarafuu haujui: matawi yake ni mepesi kukatika, na mche mpya hukaa miaka sita, saba au zaidi kabla mwenyewe hajapata cha kuanika kwenye jamvi.

Wapo watakaosema Pemba ingeshika usukani hata bila tufani, kwani ardhi yake ina rutuba zaidi, mvua ni nyingi, na mikarafuu ilikwishapandwa huko kabla ya 1872. Yote hayo ni kweli. Ila rutuba hiyo hiyo ilikuwapo miongo mitatu nyuma na haikuitoa karafuu Unguja. Kilichokosekana ni sababu ya kuhama. Mikarafuu ilikuwa imezidi mno hata bei ikashuka, na mtu mwenye akili yake hakuona faida ya kuongeza mti mwingine, Pemba wala kwingineko. Tufani iliifuta ziada hiyo kwa siku moja. Bei ikapanda, aliyekuwa na mikarafuu iliyosimama Pemba akajikuta ameneemeka bila kutarajia, na wengine wakakimbilia kupanda. Si kwamba walipanda kwa mikono yao: kazi ilikuwa ya watumwa. Juni 1873 Barghash, akibanwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Wakati huo huo mashamba mapya ya Pemba yalikuwa yakidai watumwa zaidi kuliko zamani. Magendo ya kuwavusha yaliendelea kwa miaka, na mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulipekua jahazi. Ukizisoma habari hizo bila kimbunga cha 1872, utajua nani alifanya nini, lakini hutajua kwa nini haja ya watumwa ilikuwa kali hivyo Pemba kuliko kwingine.

Kwa wanaokiona kimbunga kile kuwa ajali isiyo na mwenzake, hoja inayosikika zaidi ina sayansi ndani yake: eti pwani yetu iko karibu mno na ikweta kupata vimbunga. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27, mawingu mazito ya radi yanayorundikana hadi juu kabisa, na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hadi uzunguke. Nguvu hiyo ni sifuri kwenye ikweta, na ndani ya digrii 5 hivi huwa hafifu mno kwa kimbunga kuzaliwa. Mombasa, iliyo digrii 4, ina karibu haki ya kulala usingizi. Mji wa Zanzibar uko digrii 6. Vingi vinavyozaliwa upande huu wa Bahari ya Hindi huishia Madagaska, Mauritius au Msumbiji. Vingi, si vyote. Na kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa: kikija kutoka mashariki, anayepitiwa na jicho lake hupigwa kwanza na upepo wa kusini, kisha hewa hutulia ghafla, pengine jua likachungulia, kisha upepo ukarudi kwa ghadhabu ile ile kutoka kaskazini. Nahodha aliyezoea kuzipokea kusi na kaskazi kama wageni wa misimu miwili huziona zote mchana mmoja, na jahazi lililotia nanga mahali pa kujikinga na upepo wa kwanza huwa uchi mbele ya wa pili.

Vimbunga hapa ni adimu kweli, ila kumbukumbu yetu nayo ina matundu. Kabla ya setilaiti za miaka ya 1960, kimbunga kilichofia baharini kilijulikana endapo tu meli ilikutana nacho ikasalimika. Zanzibar yenyewe haikuwa na waya wa telegrafu mpaka 1879. Hata hivyo mpangilio unaonekana. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilielekea Dar es Salaam Aprili 2021, kikanywea kabla ya kufika. Wanaoyaona haya kuwa mambo mapya ya mabadiliko ya tabianchi wana haki kwa upande mmoja, maana bahari yenye joto zaidi hukilisha kimbunga zaidi. Lakini mwaka 1872 moshi wa viwanda ulikuwa bado mdogo mno kulaumiwa. Uwezekano wa kupigwa tumeurithi.

Upepo haukuamua kwamba utajiri wa dola nzima usimame juu ya mti mmoja, kisiwa kimoja, bandari moja. Kisiwa cha mpunga na mihogo kingelia na kuzika wafu wake, lakini kisingebadilisha ramani ya uchumi. Baada ya 1872 karafuu ilirundikwa Pemba kama ilivyorundikwa Unguja, na Pemba kwa bahati iko digrii 5, karibu na ule mpaka wa usalama. Waliopanda hawakufuata digrii; walifuata bei. Kisiwa cha Mafia hakina bahati hiyo ya Pemba. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya, tufani iliyopewa jina la zawadi, ilifika kisiwani humo, kilomita 200 hivi kutoka mji wa Zanzibar. Kwa kalenda ya watabiri, msimu wa vimbunga wa eneo hili ulikuwa umefungwa siku nne nyuma, 30 Aprili.