Juu ya nini mashini inagoma kuwaka kisha kuongezewa kipande kipya? Historia fupi



Iwe Goma, Bukavu ao Lubumbashi, hadithi ni moja. Mwanafunzi anamaliza TFC yake, mashini iko pole, anatafuta bareti ingine ya RAM, anaiweka, anabonyeza kibonye. Feni inazunguka, lakini ekra inabaki nyeusi. Mtu wa kwanza anayepita anatoa hukumu: "Kadi mama imekufa, nunua ingine." Hapo feza ya familia inaenda, ao kazi ya mwaka mzima inaachwa ndani ya disiki ambayo ni nzima kabisa.

Mimi ile hukumu naipinga, tena naipinga kwa historia. Watu waliojenga hizi mashini walijua tangu mwanzo kwamba saa ya kuwasha ndiyo saa ya hatari. Kila shida waliyokutana nayo iliacha alama ndani ya mashini, na alama zile ziko hai mpaka leo. Mwenye kuzijua anajua aulize nini, na aanze na swali gani.

Tuanze Philadelphia, Marekani. Mu mwezi wa pili 1946 walionyesha watu wote ENIAC, mashini ya tani karibu 30, yenye taa za elektroniki karibu 18,000. Mafundi wake waliona kwamba taa nyingi zilikufa wakati wa kupata moto ao wa kupoa, maana yake wakati wa kuwasha na kuzima. Dawa yao ilikuwa nyepesi: waliepuka kuizima. Sisi ambao kura inakatika bila kuuliza mtu, dawa ile hatuna. Lakini somo linabaki: kuwaka ni mtihani, na kipande dhaifu kinaanguka palepale.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1981, IBM ikatoa PC yake ya kwanza, ile ya namba 5150. Ilikuwa na kitu ambacho kilibadilisha dunia: nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada, na kitabu cha ufundi kilichoonyesha michoro yake waziwazi. Kampuni ingine yoyote ingeweza kutengeneza kipande cha kuongeza. Kwa hiyo uhuru wa kuongeza vipande na shida ya "niliongeza, sasa haiwaki" ni mapacha.

Shida ya kwanza ilikuwa nguvu. Alimantasio ya 5150 ilitoa wati 63.5 tu. Watu walipotaka kutia disiki ngumu ndani, nguvu haikutosha, ikabidi kubadilisha alimantasio pia. IBM yenyewe, ilipotoa XT yenye disiki ya megabaiti 10 mu 1983, iliweka alimantasio ya wati 130. Leo ni vilevile: mtu anatia kadi kubwa ya picha, anasahau kwamba kadi ile inaomba waya wake wa pekee kutoka ku alimantasio. Mashini inajaribu kuwaka mara moja, inazima.

Na hapa kuna jambo linalotugusa. Ku kadi mama za 5150 kulikuwa vipande vidogo vya kutunza umeme vilivyotengenezwa kwa tantalum, madini yanayotoka ndani ya coltan, ile tunayoijua Rubaya na kwingine Kivu. Vikizeeka, vinaweza kuunganisha njia ya umeme na ardhi, na alimantasio inakataa kuwaka ili isiungue. Mashini nzima inaonekana maiti juu ya kipande kidogo kuliko punje ya maharagi. Fundi anayejua anakibadilisha, mashini inafufuka.

Shida ya pili ilikuwa kutambulishana. PC ya 1981 haikujua yenyewe iko na kumbukumbu ngapi. Ulipoongeza RAM ulipashwa kusogeza vibonye vidogo sana ku kadi mama ili kuiambia. Mu 1984, IBM AT ikaleta kumbukumbu ndogo inayolindwa na batri, ambayo inahifadhi mipangilio hata mashini ikizimwa. Batri ya kazi ile, leo mara nyingi duara kama sarafu, bado iko ku mashini nyingi. Ikibeba habari za zamani ambazo hazilingane na kipande kipya, mashini inaweza kukwama. Kuitoa kwa dakika chache ni kuifanya isahau na ianze upya.

Shida ya tatu ilikuwa sauti. Kama ekra haiwaki, mashini itasema na nini? IBM iliipa mtihani wa kujipima kila inapowashwa, na kipaza sauti kidogo. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo yako sawa. Ekra ikiwaka, namba zilitokea: 201 ni kumbukumbu, 301 ni klavye, 1701 ni disiki ngumu. Kisha kampuni kama Phoenix, AMI na Award zikaandika programu zao za kuwashia, kila moja na lugha yake ya milio. Ndio maana milio mitatu ku mashini yako si lazima iwe na maana sawa na milio mitatu ku mashini ya rafiki. Tafuta kwanza jina la aliyetengeneza. Laptopu nyingi hazilii tena, zinapepesa taa, hesabu mipepeso.

Shida ya nne ni ya juzi. Mu mwezi wa pili 2018, AMD ilitoa prosesa mpya zinazoingia vizuri ku kadi mama za zamani kidogo, lakini kadi zile zilikuwa na programu ya kuwashia ambayo haikuzijua. Mashini hazikuwaka, na ili kusahihisha programu ulihitaji mashini inayowaka! AMD ikafikia kuazimisha wateja prosesa ya zamani ili wafanye sahihisho. Kipande kuingia ku nafasi yake haitoshi. Lazima programu ikitambue.

Sasa, hii historia inatupa mpangilio. Zima, chomoa waya, toa batri ya laptopu kama inatoka, kisha finya kibonye cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toa kipande kipya, rudisha hali ya zamani. Ikiwaka, umekwisha kushinda ile hukumu: kadi mama haijafa. Ndipo uulize moja moja. Je, aina ni ileile? DDR3 na DDR4 hazina mkato mahali pamoja, usilazimishe. Je, imeingia mpaka mwisho? Ichomoe, safisha meno yake polepole kwa alkoli, irudishe. Jaribu bareti moja peke yake, kisha ku nafasi ingine. Je, nguvu inatosha? Je, batri ya mipangilio imetolewa kidogo? Je, programu ya kuwashia inakijua kipande? Na kama RAM ni DDR5, vumilia: mara ya kwanza mashini inaweza kuipima dakika kadhaa ekra ikiwa nyeusi.

Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, juu hutajua ni kipi kilichoponya.

Na kama baada ya yote bado kimya, kumbuka kwamba TFC haikai ndani ya kadi mama, inakaa ndani ya disiki. Mara nyingi disiki inatoka kwa visi chache na inasomeka ku mashini ingine. Kabla ya kulipa mtu yeyote, muulize swali moja: "Umepima nini mpaka ukajua kadi mama imekufa?" Fundi wa kweli atakuwa na jibu.