Kutoka Kabete hadi Jamhuri: Historia ya Walokole wa Nairobi

Jumapili asubuhi Barabara ya Ngong hubeba waumini wengi kuliko wafanyakazi. Kutoka mtaa wa Jamhuri, uliobanwa kati ya barabara hiyo na Kibera, familia moja inaweza kutawanyika pande tatu: baba anaelekea kwa Waanglikana, binti yuko kwenye sifa na kuabudu tangu saa mbili, shangazi kaenda kwa mchungaji aliyekodi ukumbi wa shule. Jioni wakikutana mezani, wote watatu watakwambia wameokoka.

Serikali ilipohesabu watu mwaka 2019, familia kama hiyo iligawanywa. Shirika la Takwimu la Kenya liliandika Waprotestanti karibu milioni 15.8 na, katika safu ya peke yao, waumini wa makanisa ya kiinjilisti milioni 9.6, kati ya Wakenya milioni 47.6. Anayesoma takwimu hizo bila kujua historia ataamini kuwa uinjilisti ni jambo la juzi, la mahema, vipaza sauti na wahubiri wa runinga. Sivyo ilivyokuwa. Waliouotesha uinjilisti katika nchi hii walikaa ndani ya makanisa ya zamani, na silaha yao kubwa ilikuwa tendo moja gumu sana kwa binadamu: kusimama mbele ya wenzako na kuitaja dhambi yako.

Imani yenyewe ina mizizi Ulaya. John Wesley, kasisi Mwingereza, alisema moyo wake ulipata joto la ajabu katika mkutano mdogo jijini London mnamo Mei 24, 1738, na tangu hapo mamilioni wameitaja siku yao wenyewe ya kuokoka. Mwanahistoria David Bebbington aliandika mwaka 1989 kwamba mwinjilisti hutambulikana kwa kuishika Biblia kuwa neno la mwisho, kuutegemea msalaba wa Kristo, kusisitiza kwamba kila mtu lazima aongoke mwenyewe, na kuwa na bidii ya kuwafikia wengine. Mkristo yeyote aliyekulia Nairobi atajiona humo, awe wa PCEA au wa kanisa lililoanzishwa mwaka jana.

Mwaka 1846, makanisa mbalimbali yalipokutana London kuunda Muungano wa Kiinjilisti, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na shirika la Kianglikana la CMS, walikuwa wanaanzisha kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Mwaka 1895 akaja Peter Cameron Scott na kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Alifariki Desemba 1896, kabla hajatimiza miaka thelathini, lakini misheni yake ikakita makao Kijabe mwaka 1903 na kuzaa kanisa la AIC.

Wageni hawa walikuwa na tofauti zao, na jaribio la kuzimaliza lilizua kelele zilizofika Uingereza. Mwezi Juni 1913, wamishonari wa madhehebu kadhaa walikutana Thogoto, magharibi mwa Nairobi, kupanga ushirika wa makanisa yao. Mwishoni walishiriki meza moja ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda wakiwemo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyeshika mno mapokeo ya kikatoliki ndani ya Anglikana, aliposikia aliwashtaki wenzake hao kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ushirika uliokusudiwa haukutimia. Kilichobaki ni muungano wa misheni uliofungua Alliance High School mwaka 1926, shule ambayo iliwapa Wakenya mawaziri, majaji na maprofesa wengi. Lakini katika mjadala wote ule wa 1913, juu ya nani anaruhusiwa kula mkate na nani, hakuna aliyewauliza Waafrika wenyewe.

Waafrika walijibu baada ya miaka ishirini hivi, na jibu lilitoka Rwanda na Uganda. Mnamo 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyechoshwa na kazi ya hospitali ya misheni ya Gahini, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Hapo ndipo wengi huanzia wanaposimulia uamsho wa Afrika Mashariki. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na kuwaka moto wa kiroho hadi alipofariki Januari 1936. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookolewa, na jina hilo likavuka mpaka pamoja nao.

Mwaka 1937 kikosi cha walokole kilifika Kabete, kituo cha CMS kilicho mwendo mfupi tu kutoka Jamhuri ya leo. Hawakuja na fedha wala barua ya kumpa mtu cheo. Walikuja na ushuhuda. Mtu alisimama, akasema alivyomwibia mwajiri wake, alivyomdanganya mkewe, alivyomchukia jirani. Kisha akasema damu ya Yesu imemsafisha, na wenzake wakaimba “Tukutendereza Yesu”, wimbo wa Kiganda ambao hadi leo huimbwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Kesho yake mtu huyohuyo alikirudisha alichoiba. Walokole waliita maisha haya kutembea nuruni.

Nadhani hatujapima vya kutosha uzito wa jambo hilo katika koloni la walowezi. Kenya ya miaka ya 1930 ilipangwa kwa rangi, kuanzia hospitali hadi viti vya garimoshi. Katika mikutano ya ushirika, wamishonari Wazungu nao walianza kusimama na kukiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wanafunzi na wafanyakazi wao. Mwafrika mwenye imani ya muda mrefu alikuwa na haki ya kumuuliza Mzungu kuhusu hali ya moyo wake. Mahali pengine popote nchini swali kama hilo lingemletea balaa.

Mambo hayakuwa mazuri tu. Walokole walikuwa wakali. Waliwatilia shaka wachungaji ambao hawakuwa na siku ya kuokoka, walikataa pombe na baadhi ya mila, na nyumba nyingi ziligawanyika kwa sababu yao. Maaskofu waliwaogopa. Hata hivyo, tofauti na vuguvugu nyingine za wakati huo, hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki katika viti vyao vya Anglikana na Presbiteri, wakikutana katikati ya juma nyumbani kwa mmoja wao, wengi wakiwa watu wasio na cheo chochote. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa mwanzo upande wa Wakikuyu, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955 pamoja na Festo Olang'; wakawa Wakenya wa kwanza kufikia daraja hilo.

Kariuki alikuwa pia shemeji wa Jomo Kenyatta, kwani wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Ukoo mmoja ulikuwa na askofu mlokole na mtu aliyefungwa kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, walokole walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Walisema waliokwisha kuishiriki damu ya Kristo hawawezi kunywa nyingine. Wapiganaji waliwaona wasaliti, na wengi waliuawa. Serikali ya kikoloni nayo iliwapa bunduki wajiunge na homgadi, na walokole wengi wakazikataa vilevile. Mtu anaweza kuwalaumu, na wapo wazee wanaowalaumu mpaka leo, kwamba dai la ardhi lilikuwa la haki na wao walikaa kando. Mimi nawaheshimu, kwa sababu walikataa pande zote mbili wakijua gharama yake, na vita vilipokwisha baadhi yao ndio waliorudi kuwapatanisha majirani waliokuwa wamemwaga damu.

Wakati huohuo mji ulikuwa unapata makanisa ya namna nyingine. Nairobi Chapel ilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya Wazungu, na Nairobi Baptist, kwenye Barabara ya Ngong, nayo ilianza ikiwa na waumini wengi wa rangi hiyohiyo. Wapentekoste kutoka Kanada walijenga Valley Road kanisa ambalo leo ni CITAM. Uhuru ulipofika, swali likawa nani atashika mimbari. Mwaka 1971 Nairobi Baptist ilimpata Gottfried Osei-Mensah, mhandisi kutoka Ghana aliyegeuka mhubiri. Baada ya miaka minne akaondoka kuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Lausanne, chombo cha wainjilisti wa dunia nzima. Nairobi Chapel ilichelewa. Kufikia 1989 ilikuwa imebaki na watu wapatao ishirini, ndipo kijana Mkenya, Oscar Muriu, alipopewa kuiongoza. Ilijaa wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa jirani, na mwaka 2005 ikajigawa kwa hiari kuwa makanisa matano, Mavuno na Mamlaka Hill yakiwemo.

Upande wa watu wa kawaida, mlango ulifunguliwa na mikutano ya hadhara. Joe Kayo aliokoka katika krusedi ya Mmarekani T. L. Osborn huko Mombasa mwaka 1957, na mwaka 1970 alianzisha Deliverance Church, ambamo vijana waliosoma walinena kwa lugha na kupiga gitaa bila kuomba ruhusa ya misheni yoyote. Makanisa mengi ya sasa katika vitongoji vya magharibi yanafuata nyayo zake, hata kama waanzilishi wake hawakuwahi kumsikia.

Wasomi pia walikaa Nairobi. Mwaka 1966 wainjilisti wa bara walikutana Limuru na kuunda chama chao cha Afrika na Madagaska. Mnaijeria Byang Kato alikiongoza kuanzia 1973, akapambana kwa kalamu na wanateolojia kama John Mbiti juu ya nafasi ya dini za jadi, na akafa maji Mombasa Desemba 1975, bado kijana. Ndoto yake ya chuo cha juu cha teolojia ilitimia Karen mwaka 1983. Leo chuo hicho ni Africa International University.

Kisha ukaja mtihani wa siasa. Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wa AIC, na serikali yake ilipoleta kura ya mlolongo, yaani ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, likapinga. Mwaka 1986 AIC ikajitoa kwenye baraza hilo. Lakini mpinzani mkali wa mlolongo alikuwa mwinjilisti pia: Askofu David Gitari, Mwanglikana aliyewahi kuongoza umoja wa wanafunzi wa kiinjilisti barani, ambaye alipanda mimbarani na Biblia na kuwataja wezi wa kura. Usiku mmoja wa Aprili 1989 kundi la watu lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipona kwa kupanda juu ya paa. Biblia moja na wokovu mmoja viliwapeleka watu wa Mungu pande mbili. Naamini historia imeshatoa hukumu juu ya nani aliisoma vizuri zaidi.

Miaka karibu ishirini baadaye, mtihani ulifika Jamhuri kwenyewe. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu, wengi wakitoka Kibera, walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park. Mahali ambapo kila mwaka watu hupeleka watoto kuona ng'ombe wa maziwa na matrekta, watu walilala chini wakisubiri unga. Wakristo walileta chakula, blanketi na maombi. Lakini swali lilikuwa zito kuliko blanketi: katika nchi yenye walokole wengi kiasi hicho, jirani alimchomea vipi jirani nyumba?

Februari 2008, NCCK ilitoa kauli ambayo viongozi wa dini ni nadra kuitoa popote. Ilikiri kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kuonya kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea upande, kwa misingi ya kabila. Waliomba msamaha hadharani. Wapo waliosema ni maneno tu na yamechelewa. Walichelewa kweli. Lakini wale waliofika Kabete mwaka 1937 wangelitambua tendo lile mara moja, na wangeuliza swali lao la pili, lile ambalo mpaka sasa halijajibiwa vizuri: ulichochukua umekirudisha?

Swali hilo ndilo urithi wa walokole, na liko hatarini kupotea. Karatasi za Dkt. Church zimehifadhiwa Cambridge, Uingereza, ambako mtafiti yeyote anaweza kuzisoma. Shuhuda za wakulima, walimu na akina mama wa Kabete na Thogoto zilitolewa kwa mdomo, na waliozisikia kwa masikio yao sasa ni wakongwe. Ikiwa nyumbani kwenu yuko nyanya au babu aliyekwenda kwenye mikutano ya ushirika, kaa naye juma hili. Muulize aliokoka lini, alirudisha nini, na nani alimsamehe. Washa simu umrekodi, kisha yaandike na uyapeleke kanisani kwenu yawekwe mahali pa kudumu.