Usichomelee Trela kwa Bampa: Historia Kidogo Kabla Uwashe Mashine

Jumamosi iliyopita anko aliniita kwake Kayole nimsaidie kufunga chuma cha kuvutia trela nyuma ya gari lake. Anakodisha hema na viti vya harusi na matanga, na amechoka kulipa pikapu kila wikendi. Mpango wake ulikuwa rahisi: jirani ana mashine ya welding, chuma kichomelewe kwa bampa, jioni tumemaliza. "Si wewe ulisoma injinia?" Anko, nilisoma semista tatu tu, halafu unajua yaliyofuata.

Nilimwomba anisikilize kwanza. Wacha niwape na nyinyi.

Turudi Detroit, Marekani, 1914. Frederick Sibley, muuza mbao, anataka kupeleka boti yake kwa nyumba ya likizo. Ana Ford Model T, gari la nguvu za farasi 20 hivi. Bodaboda mbili za stage ukiziunganisha zinafika hapo. Akaenda kwa August Fruehauf, mhunzi aliyezoea mikokoteni ya farasi. Fruehauf na mwenzake Otto Neumann wakaunda kigari cha magurudumu mawili, wakakifunga nyuma ya Ford, boti ikasafiri. Sibley alifurahi hadi akarudi kuagiza vingine vya kubeba mbao. Fruehauf akakiita semi-trela, na 1918 akafungua kampuni. Hizo semi unazoziona Mombasa Road zikielekea Malaba, ukoo wao unapita kwa huyo mhunzi.

Mwaka wa 1945 ndipo mambo yanafika kwa mtu kama anko. Leonard Shoen na mkewe Anna Mary walitaka kuhama na vitu vyao, wakakosa trela ya kukodi ambayo wangeweza kuiacha mji mwingine. Wakachukua akiba ya dola 5,000, wakaanza kuunda trela kwenye gereji ya familia. Hiyo ndiyo U-Haul. (Shoen alikuwa amesimamishwa chuo cha udaktari mwaka wa mwisho, eti aliitikia jina la mwenzake aliyekosa darasa. Mimi sikuitikia la mtu, lakini namwelewa.)

Sasa sikiliza hapa. Trela za wakati huo zilifungwa kwa bampa, na zilienda. Kwa nini? Bampa ilikuwa chuma kizito, kimefungwa kwa boltu hadi kwenye chasisi. Ukivuta bampa, umevuta gari zima.

Halafu, kuanzia magari ya modeli ya 1973, Marekani ikaweka sheria kwamba bampa ihimili kugongwa polepole bila taa kuharibika. Watengenezaji wakaanza kuziweka juu ya vitu vya kumeza mshtuko, na baadaye plastiki ikafunika kila kitu. Kazi ya bampa ikageuka. Zamani ilikuwa ya kushikilia, siku hizi ni ya kubonyea.

Tulipofungua ya anko, tukakuta plastiki, sponji ngumu, na kipande cha bati ambacho nilikipinda kidogo kwa mkono. Anko akanyamaza. Jirani akazima mashine.

Fikiria trela ya kilo 400. Ukiipakia vizuri, kilo 40 hadi 60 zinakaa juu ya kile kichwa cha mviringo, na hapo bado hujakanyaga breki wala kupita tuta. Ukirundika viti vyote nyuma, mbele inakuwa nyepesi na trela inaanza kuyumba kama mkia. Ikichomoka Outering Road, nyuma yako kuna bodaboda imebeba mama na mtoto.

Anko alikasirika, maanake alikuwa na kazi ya matanga Jumanne. Akaita pikapu tena, akalipa.

Alhamisi tulipata chuma cha modeli ile ile kwa wauza spea. Nikaingia chini ya gari na tochi ya simu, nikasugua matope, na hapo kwenye chasisi mtengenezaji alikuwa ameacha matundu manne. Boltu ziliingia bila kutoboa kitu. Tukaongeza minyororo miwili ya usalama, tukaivusha kama msalaba chini ya kiungo, kisha nyaya za taa. Hizo nyaya zilitula masaa matatu. Indiketa ya kushoto bado inawasha breki, kwa hivyo viti bado viko nyumbani.